Msing'oe Vitufe!

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wenzangu wa kijiwe chetu: Jumamosi ijayo tunapiga kura, nami naweka msimamo wangu kwenye maandishi mapema, ili baadaye asije mtu akasema nilinyamaza. Nitapiga kura ya HAPANA. Na nitaeleza kwa nini, hata kama itanilazimu kutoboa siri niliyoificha kwa miaka miwili.

Kwa ambao hamkuwepo kwenye mkutano uliopita, kisa ni hiki. Kikundi chetu kina kompyuta moja. Narudia, moja. Ni ya mezani, ya zamani, skrini yake ina mstari wa kijani unaokatiza katikati kama reli, na ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai ya rangi ukarudi ndipo iwe tayari. Watu kumi na mmoja tunaigombea. Kila mtu anaandika hadithi yake kwenye daftari huko kwao, siku yake ikifika anakuja kuichapa. Saa mbili kwa wiki kwa kila mmoja, umeme ukiwepo. Karatasi ya zamu imebandikwa ukutani na imesababisha ugomvi mwingi kuliko mapenzi.

Basi mwenzetu mmoja, sitamtaja jina maana ni rafiki yangu na bado namhitaji, alisimama na bisibisi mkononi. Bisibisi kabisa! Akapendekeza tung'oe vitufe vyote vya herufi kwenye ile kibodi tuvipange upya, tuachane na mpangilio huu wa Q, W, E, R, T, Y ambao kila mtu anaujua, tuhamie mpangilio mwingine unaoitwa Dvorak. Alikuwa na hoja tatu. Kwanza, eti huu wa sasa ulitengenezwa makusudi ili kumchelewesha mpiga chapa. Pili, Dvorak unaongeza kasi na hauchoshi vidole. Tatu, babu zetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne, wakahamia hizi za Kirumi na dunia haikuanguka. Sisi vijana tunaogopa nini?

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi, jamaa anajua kusema. Nilipofika Kivukoni, nimebanwa kwenye pantoni katikati ya bodaboda na ndoo za samaki narudi zangu Kigamboni, ndipo nikajiuliza: hivi nimeshangilia nini?

Nina haki ya kusema juu ya jambo hili. Nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyazungumze hapa. Mtaji niliotoka nao shuleni ni vidole kumi. Mama yangu mdogo alisomea uhazili enzi za taipureta, na ndiye aliyenifunika macho na kitambaa akanilazimisha kupiga chapa bila kuangalia. Sasa hivi nakula kwa vidole hivyo. Nachapa kwenye steshenari moja Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo: barua za kuomba kazi, mikataba ya vyumba, muhtasari wa vikao vya vikoba, mashairi ya harusi, wasifu wa marehemu. Jioni nachapa riwaya yangu. Kwa hiyo msiniambie sijui kibodi. Naijua kama kondakta anavyojua vituo.

Tuanze na ile hadithi ya kucheleweshwa, maana ndiyo iliyopigiwa makofi zaidi. Mpangilio wetu ulitokana na Christopher Latham Sholes, mtu wa magazeti wa Milwaukee, Marekani, ambaye yeye na wenzake walipata hataza ya mashine yao ya kuandikia mwaka 1868. Mwaka 1873 kazi ya kuitengeneza ikaenda kwa Remington, watu wa bunduki na cherehani, na mwaka 1874 mashine ikaanza kuuzwa. Ndani yake kulikuwa na mikono ya chuma, kila mkono na herufi yake, na mikono miwili ya jirani ikinyanyuka kwa kufuatana haraka ilinasana. Hapo ndipo watu wanapozua kwamba Sholes alizitawanya herufi ili mtu apige polepole. Jamani! Kuzuia chuma kisinasane ni kumchelewesha mtu? Dereva ukimtoa kwenye foleni ya Msimbazi ukampitisha njia ya pembeni, umemchelewesha au umemwahisha? Tena wako watafiti wawili wa Kyoto, Japani, Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, ambao mwaka 2011 waliifuatilia historia hiyo hatua kwa hatua. Wanasema herufi zilihamahama kidogo kidogo, na kwamba miongoni mwa watumiaji wa mwanzo walikuwamo wapokeaji wa simu za Morse, watu ambao kazi yao yote ilikuwa kwenda na kasi ya waya. Nani atamuuzia mtu wa namna hiyo mashine ya kumchelewesha?

Sikatai kwamba mpangilio huu una ubovu. Unao. Lakini ubovu wake si njama, na anayewaambia ni njama anataka mkasirike kwanza, mfikiri baadaye.

Sasa huyo Dvorak. August Dvorak alikuwa profesa wa mambo ya elimu katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mwaka 1936 yeye na shemeji yake, William Dealey, walipata hataza ya mpangilio mpya. Kazi yao ilikuwa ya kisayansi, nawapa heshima yao: walizitazama herufi zinazotumika sana katika Kiingereza wakaziweka kwenye mstari wa kati, pale vidole vinapopumzika, irabu zote mkono wa kushoto na konsonanti nyingi mkono wa kulia. Mwaka 1944 ikatoka taarifa ya Jeshi la Majini la Marekani ya kuusifu sana. Hiyo ndiyo taarifa aliyoitaja rafiki yetu. Ambacho hakukitaja ni kwamba Dvorak mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi hilohilo wakati wa vita, na kwamba wachumi wawili, Stan Liebowitz na Stephen Margolis, waliichambua taarifa hiyo mwaka 1990 wakaonyesha matundu yake.

Kuna jaribio jingine, la mwaka 1956, ambalo Earle Strong alilifanyia serikali ya Marekani. Alichukua wapiga chapa kumi akawafundisha Dvorak saa nne kwa siku, na ikawachukua zaidi ya siku ishirini na tano kurudia tu kasi yao ya zamani. Wafuasi wa Dvorak wanasema Strong alikuwa na upendeleo wake, na huenda wanasema kweli. Lakini hebu pigeni hesabu pamoja nami. Siku ishirini na tano mara saa nne ni saa mia moja. Sisi tuna saa mbili kwa wiki. Mia gawanya kwa mbili: wiki hamsini! Mwaka mzima wa zamu zetu, wa kuchapa "asdf" za kigeni, ili tufike pale tulipo leo. Na hao wa Strong walikuwa watu wa kazi waliokwisha kuiva, hawakuwa watu wanaotafuta herufi B kwa tochi.

Sasa nakuja kwenye hoja ninayoona inauma zaidi, na ambayo kijiwe kizima cha waandishi wa Kiswahili kiliisahau. Dvorak alihesabu herufi za nani?

Chukueni sentensi hii, inafungua sura ya tatu ya riwaya yangu: "Mama alikaa barazani akitazama watoto wakicheza." Nimehesabu. Herufi arobaini na mbili, na kati ya hizo A ni kumi na tano. E ni moja tu. Andikeni mahakama, barabara, daladala, karakana: kila neno herufi nane, kila neno A nne. Lugha yetu inaelea juu ya A kama jahazi juu ya maji. Na A kwenye kibodi ya kawaida inapigwa na kidole gani? Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo, kinyonge kuliko vyote. Kila jioni nikifunga duka kidole hicho kinauma, nakisugua kwa mafuta ya karafuu.

Haya, Dvorak ameiweka wapi A? Palepale. Hakuigusa! Herufi mbili tu hazikuhama katika mpangilio wake, A na M. Maana kwake yeye E ndiyo mfalme wa Kiingereza. Kuna mpangilio mwingine mpya zaidi, Colemak, wa mwaka 2006. A iko palepale. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaotumia kibodi ya Kifaransa, A yao imepanda ngazi moja juu, lakini bado ni ya kidole kilekile kidogo. Mipangilio minne, na mzigo wa Mswahili wameubeba wote kwa kidole kimoja.

Na K je? Kwa Kiingereza K ni herufi ya mara mojamoja, hivyo Dvorak aliitupa mstari wa chini, mkono wa kushoto, palepale upande wa irabu. Sisi K ni hewa: ku, ki, ka, kwa, katika, kama, lakini. Matokeo yake ni haya. Mtu wa Dvorak akitaka kuchapa "Kuku yuko juu ya jiko akipekua kikapu", herufi zote, kuanzia K ya kwanza mpaka U ya mwisho, anazipiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Mkono wa kulia anaweza kuutumia kumfukuza huyo kuku.

Nikiwa mkweli, na polemiki bila ukweli ni kelele za mnadani, upande wa pili upo. Maneno ya Kiswahili yanakwenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, na yanaishia kwenye irabu. Dvorak aliweka irabu kushoto na konsonanti nyingi kulia, kwa hiyo maneno kama "nitasoma", "samahani" yanatiririka vizuri ajabu, kulia kushoto kulia kushoto, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Hata alama ya ng' ya "ng'ombe" imekaa mahali pa kuridhisha. Nilipoionja mara ya kwanza nilisisimka. Ndiyo, wenzangu, nimewahi kuionja. Hiyo ndiyo siri yenyewe.

Miaka miwili iliyopita, rafiki yetu huyuhuyu wa bisibisi alinieleza habari za Dvorak tukiwa tunakula mihogo ya kukaanga Feri, nikawaka. Sikumwambia mtu. Kila jioni baada ya wateja kuisha pale steshenari, niliibadilisha kompyuta ya duka kuwa Dvorak. Haihitaji kung'oa chochote, mpangilio huo umo tayari ndani ya Windows, unauwasha tu. Nilifanya mazoezi saa moja na nusu mpaka saa tatu usiku, na kabla ya kuondoka nilirudisha kama ilivyokuwa. Wiki sita.

Kilichotokea kwenye vidole ni kwamba nikawa popo, si ndege si mnyama. Mchana nachapa mikataba kwa mpangilio wa zamani, jioni najifunza mpya, na kila mmoja ukawa unamng'ata mwenzake. Mteja anasema "herufi kubwa hapo", mkono unakwenda pasipo. Kasi yangu ya mchana ikashuka, makosa yakapanda, na mwenye duka akaniuliza kwa upole kama naumwa. Kasi ya jioni nayo haikufika hata nusu ya ile ya zamani. Sura ya tatu ilikaa wiki zote sita kwenye sentensi ileile ya Mama barazani, kwa sababu nilikuwa naitumia kufanyia mazoezi. Naichukia sentensi hiyo mpaka leo, na siwezi kuitoa.

Halafu usiku mmoja nikasahau kurudisha.

Asubuhi yake foleni ya pantoni ilikuwa ndefu, nikachelewa. Dada mmoja alifika dukani mapema na barua yake ya kuomba kazi aliyoiandika kwa mkono. Mwisho wa kuipokea ilikuwa siku hiyohiyo saa sita, ofisi yenyewe iko Posta. Mwenye duka, mzee wa watu ambaye anachapa kwa vidole viwili huku anavitazama vitufe, akaamua kumsaidia. Akawasha herufi kubwa, akachapa MAOMBI YA KAZI. Kwenye skrini kukatokea: MARMXC FA TA;C.

Akafuta. Akarudia polepole, anabonyeza kitufe kimoja kimoja kama mtu anayepiga kengele. MARMXC FA TA;C. Akazima mashine, akawasha, ikawa vilevile. Nilipofika nilimkuta amesimama nje, simu sikioni, anamwomba fundi aje. Akaniambia, "Kijana, mashine imeingia kirusi."

"Pole, Mzee," nikasema. "Hebu niangalie."

Nikabonyeza vitufe viwili, ikarudi sawa. Mzee akashukuru Mungu, akanisifu mbele ya watu. Fundi alipotokea akalipwa nauli yake kwa usumbufu. Yule dada alikuwa ameshaondoka kutafuta duka jingine, na siku ile Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika kama kawaida. Kama aliwahi ama hakuwahi, sijui. Nilimtafuta kwa macho mpaka jioni. Mzee hajui mpaka leo kwamba kirusi kilikuwa ni mimi. Akisoma hapa, Mzee, shikamoo, na nisamehe. Ile nauli ya fundi nitailipa.

Sasa ndiyo muone kwa nini bisibisi ilinitia hofu. Rafiki yetu ana laptopu yake mwenyewe. Anaifunga kwenye begi, anaondoka nayo, analala nayo. Vidole vyake na kibodi yake havitengani, kwa hiyo Dvorak kwake ni jambo lake na Mola wake, na namkubali, anachapa kama mvua ya masika. Je, sisi kumi tuliobaki? Sisi leo tunachapa hapa, kesho steshenari, keshokutwa kwenye kompyuta ya ofisi ya mjomba baada ya saa za kazi, na wengine wetu tunachapa Maktaba Kuu ikipatikana nafasi. Mashine zote hizo zinafanana. Kufanana huko ndiko kunakomwezesha mtu asiye na mashine kuwa na ufundi wa mashine. Mkining'olea hiki cha hapa, mtakuwa mmenifundisha kusoma ramani ya mji ambao una nyumba moja.

Na msidhani nafikiria riwaya peke yake. Miongoni mwetu wako wanne wanaotafuta kazi za ofisini. Huko wakipimwa, hawatapimwa kwa Dvorak.

Nirudi kwa babu zetu na herufi za Kiarabu, maana hoja hiyo ilinigusa. Ni kweli, tenzi za kale za pwani ziliandikwa kwa hati hiyo. Muswada wa Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Lakini hivi babu zetu walihama kwa sababu mtu mmoja alisimama barazani na bisibisi? Walihamishwa. Shule zilihama, ofisi za serikali zilihama, vitabu vikahama. Mwaka 1928 pale Mombasa wakubwa wa makoloni walikaa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kamati ya lugha ya kusimamia tahajia katika nchi zote za Afrika Mashariki. Na aliyebaki na hati yake ya zamani, shehe anayesoma na kuandika usiku kucha, akaanza kuhesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Hilo tunalisahau tunapopiga makofi. Aliyebaki peke yake upande mmoja wa herufi aliumia, hata kama herufi zake zilikuwa nzuri. Mnataka kutuweka upande huo kwa hiari yetu?

Kama mnataka mfano wa kuhama kwa heshima, nendeni Uturuki. Wao mwaka 1928 waliacha herufi za Kiarabu wakachukua za Kirumi, na mwaka 1955 wakapitisha kibodi yao wenyewe ya taifa, kazi ya mwalimu wa kupiga chapa aliyeitwa İhsan Sıtkı Yener, iliyopangwa kwa kuhesabu herufi za Kituruki. Angalieni walivyofanya: A iko chini ya kidole cha shahada cha kushoto. K iko chini ya kidole cha shahada cha kulia. M iko pembeni yake! Nilipouona mchoro wa kibodi hiyo nilitaka kulia. Waturuki, bila kutufikiria hata kidogo, wametutengenezea kibodi inayotufaa kuliko ya yule profesa wa Seattle. (Ila W wameitupa mwisho kabisa kulia, maana Kituruki hakina W. Ungejaribu kuandika "wanawake wawili walikuwa" kule, kidole kingeng'oka.)

Na pamoja na nguvu zote za dola, kompyuta zilipokuja kutoka nje zikiwa na mpangilio wa Q, Waturuki wengi wakahamia Q. Mwaka 2013 serikali yao ikabidi itoe agizo ofisi za umma zirudie kibodi ya taifa. Dola nzima inahangaika namna hiyo, sembuse watu kumi na mmoja wenye kompyuta ya mstari wa kijani.

Kwa hiyo kama kuna mwenye hasira ya kweli, aipeleke mahali pake. BAKITA ipo tangu 1967. Chuo Kikuu kina taasisi nzima ya Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa palepale Mlimani walishiriki kutafsiri programu ya OpenOffice, wakaiita Jambo OpenOffice, tukapata menyu za Kiswahili. Vizuri sana. Lakini maneno ya juu ya skrini yalitafsiriwa, herufi za chini ya vidole hakuna aliyezihesabu kwa ajili yetu. Kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na ngoma. Mtu akiandika barua ya kudai kibodi ya Kiswahili, ipangwe kwa kuhesabu herufi zetu, ifundishwe shuleni, iuzwe madukani pale Kariakoo kwa bei ileile, mimi nitaichapa barua hiyo bure na nitaitia sahihi. Hapo nitahama. Nitahama na kidole changu kinachouma, nikiimba. Lakini kutoka nyumba ya Mmarekani wa Milwaukee kwenda kupanga kwa Mmarekani wa Seattle, na kodi nilipe saa mia moja? Hapana, bwana.

Na vijana wanaosema eti mambo ya kibodi ni ya wazee, wao wanaandika kwa simu: sawa, hata mimi kwenye pantoni naandika kwa simu, dole gumba mbili. Huko Dvorak ndiyo haifai kabisa, irabu zote zimelundikana upande mmoja, gumba la kushoto litakufa kabla hujafika ng'ambo.

Sasa kasi. Rafiki yetu amegusa jambo la kweli hapo na sitaki kumdhulumu. Kwa mtu anayetunga papo hapo kwenye mashine, kasi si kitu, atakaa anatazama ukuta. Lakini sisi tunanakili kutoka kwenye madaftari, na saa mbili zikiisha zimeisha. Kasi tunaihitaji. Ila hebu tuangaliane usoni: kati yetu kumi na mmoja, wangapi wanachapa kwa vidole kumi bila kuangalia? Watatu. Waliobaki nane wanadonoa kama kuku wa ile sentensi yangu. Mtu wa kudonoa hata ukimpangia herufi kwa dhahabu ataendelea kudonoa. Na katika jaribio lile la Strong, wale wa kibodi ya zamani waliopewa mafunzo zaidi kwenye kibodi ileile ndio waliopanda kuliko wenzao waliohama.

Basi pendekezo langu ni hili, nalo lipigiwe kura pia. Bisibisi irudishwe kwa mwenyewe. Rafiki yetu kwenye zamu yake aruhusiwe kuwasha Dvorak ya ndani ya mashine kadiri anavyotaka, mradi airudishe kabla ya kuinuka kitini, na atakayeingia baada yake amhakikishe, maana mimi najua kusahau kunavyokuwa. Na kila Jumapili saa nane mchana, kabla ya zamu kuanza, nitafundisha kupiga chapa kwa vidole kumi, bure, kwa kibodi hiihii. Kitambaa cha kufunika macho ninacho, ni kilekile cha mama mdogo.

Nimebandika karatasi ya kujiandikisha chini ya karatasi ya zamu. Mpaka naandika haya ina majina mawili. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye msumari, na anayeichukua aitafutie nyingine.